HISTORIA: Bibi Titi Ana Barabara, Je, Wenzake 5,000 Tunawajua?

Leo mastaa tunawapumzisha kidogo, tunaingia kwenye historia. Usikimbie, hii sio ile ya kukariri tarehe usiku wa kuamkia mtihani. Hii ina ngoma, ina vitumbua, ina nyumba za kupangisha, na kuna mahali inafika mpaka jela.

Kama unaishi Dar, jina la Bibi Titi unalitaja kila siku hata bila kufikiria. "Nishushe Bibi Titi." "Leo foleni ya Bibi Titi usiseme." Ni ile barabara inayopita pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja na kukutana na Barabara ya Morogoro pale chuo cha DIT. Muulize kijana yeyote ndani ya daladala, atakwambia huyo mama alipigania uhuru pamoja na Mwalimu Nyerere. Jibu sahihi kabisa. Sasa muulize swali la pili: alipigania vipi, kwa kutumia nini, na akina nani walikuwa nyuma yake? Hapo utasikia kimya.

Mimi leo nataka tukae kwenye hilo swali la pili. Bibi Titi ndio jina tulilobaki nalo, ila mzigo ulibebwa na maelfu ya wanawake ambao hawako kwenye kibao chochote cha barabara. Wauza maandazi, wacheza ngoma, wajane, walioachika. Kwa kifupi, bibi zetu.

CHAMA CHA WANAUME 17

Turudi Julai 7, 1954, ile siku tunayoiita Saba Saba. Chama cha TANU kinazaliwa Dar es Salaam. Waanzilishi wanaohesabiwa siku ile ni 17, na wote ni wanaume.

Sio kwamba walikuwa na roho mbaya. TANU ilirithi chama cha zamani, TAA, ambacho kilikuwa cha watu kama makarani, walimu na wafanyabiashara wa mjini. Watu wa kalamu na karatasi. Mwanamke wa Kariakoo au Ilala hakuwa na kiti kwenye mkao wa namna ile, hata kama ndiye aliyewapikia chai.

Ila chama kilikuwa na tatizo moja kubwa. Serikali ya kikoloni ilikataza watumishi wake kujiunga na siasa. Sasa piga hesabu mwenyewe: Mwafrika aliyesoma wakati ule, sehemu kubwa ya ajira yake ilikuwa ni serikalini. Ukichukua kadi unachezea mshahara, na nyuma ya mshahara kuna mke, watoto, wazee kijijini. Nyerere mwenyewe, ambaye alikuwa anafundisha shule ya wamisionari kule Pugu, mwaka 1955 ilibidi achague, akaacha ualimu. Sio kila mtu aliweza kufanya vile, na huwezi kuwalaumu.

Mwaka huohuo wa 1955 akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, anaitwa John Hatch. Akakutana na viongozi wa TANU, halafu akauliza swali dogo tu: wanawake wenu wako wapi?

Swali la mgeni, ila liliwagusa pabaya wenyeji. Ndipo Bibi Titi akaitwa.

TITI ALIKUWA NANI

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, familia ya Kiislamu yenye asili ya Rufiji. Shule alikwenda kwa shida na aliishia darasa la nne. Bado mdogo kabisa, kwenye miaka 14 hivi, akaozeshwa kwa mwanaume aliyemzidi umri sana. Akapata mtoto mmoja wa kike, ndoa ikavunjika. Hadithi ya kawaida kabisa ya binti wa pwani wa enzi zile, na tuseme ukweli, mpaka leo kuna mabinti bado wanapita hukohuko.

Kilichomtofautisha Titi ni sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi kwenye kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Watu walimjua kwenye harusi na sherehe za mjini kabla hawajamjua kwenye siasa. Akisimama, watu wananyamaza. Anajua lini apandishe, lini ashushe, lini awaachie watu waitikie. Ukishajua kushika ukumbi wa harusi ya Kariakoo wenye wanawake mia mbili kila mmoja na lake, basi mkutano wa hadhara haukupi shida.

TANU alijiunga mapema pamoja na mume aliyekuwa naye wakati ule. Ilipokuja kutafutwa mwanamke wa kuongoza kitengo cha akina mama, jina lake likatajwa. Alikuwa na miaka 29, na elimu yake ni ileile ya darasa la nne.

SIRI ILIKUWA KWENYE NGOMA

Sasa hapa ndio penye utamu, tega sikio.

Unadhani alianza wapi? Angeweza kupiga hodi mlango kwa mlango, angezeeka bila kumaliza Ilala. Alichofanya, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na taarab vya wanawake wa mjini.

Wengi wetu tukisikia "kikundi cha ngoma" tunawaza watu wanakata viuno tu. Wadau, vile vikundi vilikuwa taasisi. Vilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, michango, sare, na nidhamu. Mwanachama akifiwa mnakwenda wote. Mwanachama akiozesha, mnachanga. Ukikosa mara kwa mara bila sababu unaulizwa. Ni kama vikoba na magrupu ya WhatsApp ya leo ukiviweka pamoja, tofauti ni kwamba wao walikuwa wanaonana uso kwa uso.

Kwa hiyo ukimpata mkubwa wa kikundi mmoja, umepata wanawake wote walio chini yake. Habari inatoka kwenye mazoezi ya ngoma, inafika msibani, inatoka msibani inafika sokoni, kesho asubuhi iko bombani kwenye foleni ya maji. Mkoloni alikuwa na redio na magazeti. Hawa walikuwa na midomo na miguu, na habari zao zilifika mapema zaidi.

Kuna jambo jingine muhimu. Ndani ya vikundi hivyo alikuwemo Mzaramo, Mndengereko, Mmanyema, Myao, Mnyamwezi, wote wanaimba Kiswahili kimoja na kuvaa sare moja. Wanaume wa TANU walikuwa wanatafuta namna ya kuwafanya watu wa makabila zaidi ya 100 wajione kitu kimoja. Wale wanawake walikuwa wameshaanza kuishi hivyo siku nyingi, uani kwao, bila kuandika katiba.

Mwanahistoria wa Marekani, Susan Geiger, alikuja miaka ya 1980 akakaa na Bibi Titi na wenzake, akawasikiliza, na mwaka 1997 kikatoka kitabu chake juu ya wanawake wa TANU. Hoja yake kubwa ndio hiyo: hawa wanawake hawakufundishwa utaifa na wasomi halafu wakafuata kama kondoo. Walikuja nao.

Matokeo? Ndani ya miezi mitatu hivi ya kazi ya Bibi Titi, wanawake waliojiandikisha TANU wanatajwa kufika 5,000. Mji wote wa Dar wakati ule haukuwa hata na watu 150,000, ukichanganya wanaume, wanawake na watoto wa rangi zote. Kwa chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu, hiyo ni namba ya kukufanya usimame.

KWA NINI WAO?

Hili swali linanivutia sana. Kwa nini wanawake wa kawaida wawe na ujasiri ambao msomi mwenye tai aliusitasita?

Sababu ya kwanza nimeshaigusa: hawakuwa na ajira ya kupoteza. Mkoloni anaweza kumfukuza karani, ila muuza vitumbua atamfukuza wapi? Unga ni wake, jiko ni lake, wateja ni majirani zake.

Sababu ya pili ni umri na hali zao. Wengi wa wale waliokuwa mstari wa mbele mjini walikuwa watu wazima, walioachika au wajane, au wenye watoto wachache ambao wameshakua. Mwanamke mwenye mume wakati ule alihitaji ruhusa ya kutoka nyumbani, na wapo walionyimwa. Aliyeachika hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Ile hali ambayo jamii ilikuwa inaiona ni aibu ndio iliyowapa nafasi ya kutoka na kurudi watakavyo.

Sababu ya tatu ni lugha aliyotumia Bibi Titi. Hakuwaambia habari za katiba na Umoja wa Mataifa. Aliwaambia kwa ufupi: hawa wanaume wote mnaowaona, mpaka hao wanaowatawala, tumewazaa sisi. Kama uwezo wa kuleta watu duniani ni wa kwetu, kwa nini tuogope? Ukimwambia hivyo mama aliyezaa, akazika, akalea peke yake, hauhitaji kumfafanulia zaidi. Anajua unasema nini.

Na hapo ndio utaona kwamba kwao familia na taifa havikuwa vitu viwili. Walitoka majumbani kwa ajili ya watoto waliokuwa majumbani.

KAZI YENYEWE

Tukisema "walishiriki kupigania uhuru" inakuwa kama salamu za risala. Walifanya nini hasa?

Waliuza kadi. Walichangisha pesa, senti kwa senti, kwa watu ambao nao hawana. Chama hakikuwa na mfadhili, na safari za viongozi kwenda mikoani, petroli, karatasi, yote yalitaka pesa. Walipika na kulaza wageni wa chama waliotoka mbali, maana hoteli hakuna anayeweza kulipa. Walijaza mikutano mpaka viwanja vikatosha na kubaki watu nje. Waliimba. Walisimama kumlinda Nyerere. Wakarudi nyumbani usiku kuinjika uji wa watoto, na alfajiri wakawasha moto wa vitumbua.

Na haikuwa Dar tu. Bibi Titi alizunguka nchi na Nyerere na viongozi wengine, na kila mahali palikuwa na mwanamke wa hapohapo aliyeshika kazi. Pale Dar alikuwepo Tatu binti Mzee. Moshi alikuwepo Halima Selengia. Haya majina machache tunayo kwa sababu kuna watu walikaa chini wakayaandika, akiwemo Geiger niliyemtaja na mzee wetu Mohamed Said, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikusanya habari za watu wa TANU waliosahauliwa. Bila watu kama hao hata hayo machache tusingekuwa nayo.

Sasa sikiliza hii. Uchaguzi wa kwanza uliokuja mwaka 1958 na 1959 ulikuwa na masharti. Ili upige kura ulitakiwa uwe na elimu ya kiwango fulani, au kipato fulani, au cheo. Juu ya hapo kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ni ile ishu ya kura tatu iliyowafanya TANU wakabishane Tabora Januari 1958. Kwa masharti hayo, wengi wa wanawake waliojaza viwanja hawakuwa na sifa ya kupiga kura. Walibeba chama mpaka kwenye mlango wa kituo cha kura, halafu wakasimama nje wakisubiri matokeo. TANU ikashinda. Na wao wakapiga vigelegele kama vile wamepiga kura wenyewe.

UHURU UMEFIKA

Desemba 9, 1961 bendera ikapanda. Bibi Titi akawa mbunge, akawa waziri mdogo kwenye maendeleo ya jamii. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake, UWT, na yeye ndiye mwenyekiti wa kwanza. Mwaka huohuo, Julai 31, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakakutana hapahapa Dar es Salaam na kuunda umoja wao wa bara zima. Ukisikia kila Julai 31 ni Siku ya Mwanamke wa Afrika, chanzo chake ni mkutano ule. Mji wa wacheza ngoma ukawa mwenyeji wa Afrika nzima.

Ila baada ya uhuru upepo ulibadilika. Nchi sasa ilitaka mafaili, ripoti, vyeti, Kiingereza. Uwezo wa kusimamisha watu elfu kumi kwa sauti yako haukuwa na safu yake kwenye fomu ya maombi ya kazi. Wengi wa wale wanawake wa 1955 wakarudi walipotoka: kwenye jiko la vitumbua, kwenye ngoma, kwenye wajukuu. Hakuna aliyewafukuza. Ni kwamba tu hakuna aliyewaita tena.

Bibi Titi mwenyewe mwaka 1965 akapoteza ubunge wa Rufiji kwenye uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Zile ndio enzi za wagombea wawili wa TANU kushindana, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Akabaki na UWT na vyeo vya chama.

NYUMBA

Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Azimio liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lile wazo lilikuwa na maana yake. Nchi changa, maskini, viongozi wameanza kunenepa. Nyerere aliona kiongozi akishakuwa mwenye nyumba na mwananchi akawa mpangaji wake, huyo kiongozi hatakuwa upande wa mwananchi. Ukiangalia viongozi wa siku hizi na majumba yao, kuna siku utatamani ile miiko irudi.

Ila sasa itazame kwa jicho la mwanamke wa Ilala.

Nyumba ya Kiswahili unaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, uani jiko na choo. Unalala chumba kimoja, vilivyobaki unapangisha. Kwa mwanamke wa wakati ule nyumba hiyo haikuwa utajiri. Ilikuwa ndio mume asiyekupa talaka. Ukiachwa, una pa kurudi. Ukiugua, kodi ya mwezi inanunua dawa. Ukizeeka huna nguvu ya kuchoma maandazi, vyumba vinakulisha. Karani akistaafu ana pensheni yake. Mwanamke wa darasa la nne pensheni yake ni tofali.

Bibi Titi alikuwa na nyumba alizojenga na kupangisha. Azimio likamwambia achague, nyumba au uongozi. Akaachia vyeo, UWT na nafasi zake za juu za chama.

Watu wamemhukumu kwa hilo kwa miaka mingi. Wengine walisema ni ubepari, amelewa mali. Mimi naona hivi. Mwaka 1955 aliwaambia wanawake watoke kwa ajili ya watoto wao, wakatoka. Mwaka 1967 akaambiwa atoe kile kitu pekee kinachomhakikishia mwanamke asiye na cheti kwamba hatakuwa ombaomba kwa watoto wake. Kipimo kilikuwa kimoja kwa waziri mwenye digrii na kwa mwimbaji wa Bomba. Kwenye karatasi huo unaitwa usawa. Uani kwa bibi yako una jina jingine.

Unaweza kukataa mtazamo wangu, ruksa. Ila usimwite msaliti kabla hujajiuliza bibi yako angechagua nini.

KESI

Yaliyofuata yalikuwa magumu zaidi. Oktoba 1969 akakamatwa. Mwaka 1970 ikaanza kesi kubwa ya uhaini, ya kwanza ya aina yake tangu uhuru. Waendesha mashtaka walisema kulikuwa na njama ya kupindua serikali, wakamtaja Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa ameshakimbilia Uingereza tangu 1967, kuwa ndio kinara. Bibi Titi alikana mashtaka. Mahakama ikamtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia huru.

Mambo ya ndani ya ile kesi yana ubishi mpaka leo na mimi sio hakimu. Ninachotaka uone ni picha moja tu: mwanamke aliyesimama na Nyerere kwenye viwanja vya mikutano, akiwafundisha watu kumwamini, amefungwa na serikali ya Nyerere, na ametolewa kwa amri ya Nyerere.

Alipotoka aliishi kimya. Jina lake likapungua kwenye hotuba. Watoto waliozaliwa miaka ile wakakua bila kumsikia vizuri, na hao ndio waliokuja kuwa wazazi wetu na walimu wetu. Kwa hiyo tusishangae sana sisi kutojua.

Alifariki Novemba 5, 2000, Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa anatibiwa. Barabara ina jina lake, na inastahili. Tena ipo mahali pake hasa. Ile Mnazi Mmoja, wakati wa mkoloni, ilikuwa ni eneo la wazi lililoachwa makusudi kutenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika kule Kariakoo. Leo jina la mwanamke wa upande wa Kariakoo limesimama palepale kwenye mpaka, na wote tunapita juu yake bila kuulizwa tunaenda upande gani.

NA WALE WENGINE?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hii methali inatoka kwenye ngoma zilezile: ukicheza vizuri kwenu, watu wanakuja kukufunga pesa kichwani. Wale wanawake walicheza kwao. Walicheza ngoma kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa nchi hii. Nani aliwatunza?

Bibi Titi alipanda juu sana, akaanguka kwa kishindo, halafu akarudishiwa heshima. Anguko lake nalo ni historia. Ila kuna mwanamke mwingine, hatujui jina, aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha ngoma mtaa wa pili. Aliandikisha wenzake 40. Alificha kadi chini ya godoro. Hakuwa waziri, hakufungwa, hakujengewa mnara. Alizeeka, akafa, akazikwa na watu wa mtaa. Maskini ya Mungu, hata wajukuu zake hawajui.

Na muda hautusubiri. Binti aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 alizaliwa 1935. Piga hesabu leo ana umri gani. Wengi wameshatangulia, waliobaki ni wachache, na kumbukumbu nazo zinachoka.

Kwa hiyo wadau, wikendi hii kama una bibi, au bibi wa jirani, au yule mzee wa kike wa mtaani ambaye kila mtu anamwamkia shikamoo na kupita, hebu kaa naye. Usimuulize "bibi ulipigania uhuru?" Atakwambia hapana, yeye alikuwa anauza maandazi tu. Muulize alikuwa kikundi gani cha ngoma. Muulize mkubwa wao alikuwa nani, sare yao ilikuwa rangi gani, walikuwa wanaimba wapi. Muulize kama alishawahi kuwa na kadi. Halafu nyamaza umsikilize, ataenda mwenyewe.

Akikuonyesha picha ya zamani, geuza nyuma, chukua kalamu, mwombe akutajie kila aliyesimama pale na uandike majina yao yote. Itakuchukua dakika tano. Picha isiyo na majina nyuma, siku bibi akiondoka, inabaki kuwa karatasi ya watu wasiojulikana.

Kama bibi yako alikuwa mmoja wao, liweke jina lake na la kikundi chake hapo chini, tulisome wote. Kuwapa barabara hatuwezi, ila kuwataja tunaweza.